Anime yenye stori kali na michoro mibovu: unaendelea au unaacha?

#1 Kalamu Nyeusi
Wakuu habari zenu.

Jana nimebishana na mdogo wangu mpaka tumenuniana. Yeye anasema anime, yaani katuni za Kijapani, ni picha kwanza, anayetaka maneno akasome kitabu. Mimi nasema stori ndiyo inayonifanya nirudi wiki ijayo.

Ushahidi wangu ni The Promised Neverland. Msimu wa kwanza ulitoka 2019, studio CloverWorks, mwongozaji Mamoru Kanbe. Waliouona wanakumbuka: Conny kasahau kisungura chake cha kitambaa, Emma anamkimbilia nacho getini usiku, anachungulia nyuma ya lori, kisungura kinamdondoka mkononi. Usiku ule sikulala. Msimu wa pili ukaja 2021. Studio ileile, mwongozaji yuleyule, sura za wahusika zilezile, ila stori wameichinja. Sehemu nzima ya Goldy Pond hakuna. Mhusika Yuugo hakutokea kabisa. Episodi ya 11 wakamalizia kwa picha za mnato zinazopita kama albamu ya harusi, na kila picha ni safari ambayo kwenye manga (kitabu cha katuni) ilikuwa na sura zake nyingi. Nilibaki naangalia majina yakipanda, najiona nimedhulumiwa.

Kama picha ndiyo kila kitu, mbona mikono ileile haikuuokoa msimu wa pili? Karibuni, tujibizane kwa hoja.

#2 Mla Bando
Naweka kigoda changu hapa.

#3 Kijana wa Kisumu
Mleta uzi, umechagua mfano unaokupendelea. Nami nakupa wa kwangu: Demon Slayer.

Manga ilianza 2016. Ilikuwa na wasomaji wake, lakini haikuwa gumzo la dunia. Anime ikaja Aprili 2019. Episodi ya 19, Tanjiro na Rui kule mlimani: maji ya upanga yanageuka moto, wimbo unaingia, damu ya Nezuko inalipuka juu ya nyuzi. Baada ya hapo vitabu vikawa havipatikani madukani Japani, na filamu yake ya 2020 ikaipita kwa mapato Spirited Away, iliyokuwa imekalia kiti cha juu kwao tangu 2001. Stori ni ileile neno kwa neno. Kilichoongezeka ni studio ufotable. Sasa hiyo stori peke yake ilikuwa wapi ile miaka mitatu?

Ukitaka kinyume chake, One Punch Man. Msimu wa kwanza 2015, Madhouse, kila mtu alisimama. Msimu wa pili 2019, J.C.Staff. Garou ni adui aliyeandikwa vizuri kuliko Boros, ana sababu zake, ana utoto wake. Lakini wangapi hapa waliumaliza kwa raha?

#4 BintiTanga
Naomba nilete kisa cha nyumbani.

Bibi yangu maandishi ya chini hawezi kuyasoma, Kijapani hajui, Kiingereza hajui. Likizo iliyopita nilikuwa naangalia Monster sebuleni, flashi imechomekwa kwenye runinga, naye yuko pembeni juu ya mbuzi anakuna nazi. Monster ni ya 2004, episodi 74, na mwendo wake ni mdogo sana: watu wanakaa, wanaongea, wanatembea Ujerumani kwenye baridi. Akatokea Johan, kijana mzuri, ana adabu, anatabasamu. Hajafanya lolote bado. Bibi akanyanyua uso akasema, "Huyu daktari asimwache huyu mtoto akae nyuma yake."

Nikamuuliza umejuaje? Akasema uso wote unacheka, macho hayamo.

Kwa hiyo Kijana wa Kisumu, nakubali kwamba picha inasema. Lakini hapo hapakulipuka kitu wala hapakuwa na moto. Ni mtu kachora macho mawili, akajua aache nini.

#5 Kijana wa Kisumu
BintiTanga, bibi yako angekuwa hapa uzi huu ungekuwa umeisha.

#6 Saa Nane Usiku
Hapa watu wanagombana kila mmoja ameshika kitu chake. Tukisema "picha" tunachanganya mambo matatu. Kuna mchoro wenyewe: sura, mikono, mandhari. Kuna mwendo: michoro mingapi imechorwa ili ngumi itoke hapa ifike pale. Na kuna uongozaji: tuangalie kutokea wapi, tukate lini, nini kifichwe.

Sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Anime nyingi hazichori 24. Mchoro mmoja unakaa fremu mbili au tatu, unapata michoro 12 au 8 kwa sekunde, na mtu akiwa anaongea mara nyingi ni mdomo tu unaosogea, uso umeganda. Osamu Tezuka alipoanza kurusha Astro Boy kila wiki, Januari 1963, pesa na mikono ya kuchora zaidi ya hapo haikuwepo, akabana: michoro michache, mingine anairudia. Anime ya televisheni imezaliwa katika ufukara wa mwendo, na ufukara huo ndio uliowafundisha kuongoza.

Angalieni Death Note, 2006. Ni mtu anaandika majina kwenye daftari, aliyeandikwa anakufa, basi. Episodi ya 8 Light yuko chumbani, kamera za siri zinamwangalia. Mkono wa kulia anafanya hesabu za shule. Wa kushoto umo ndani ya pakiti ya krispi, kaficha humo kitelevisheni na kipande cha karatasi, anaua mtu. Kisha anachomoa krispi moja anaila. Mwongozaji Tetsuro Araki kaifanya hiyo krispi kama mtu anachomoa upanga: mkono unafagia skrini, meno yanavunja, mpaka unasahau kupumua. Kwenye karatasi ya manga hiyo ni krispi tu.

Kalamu Nyeusi, hiyo ni stori au ni picha? Mimi nimeshindwa kuitenga.

#7 Kalamu Nyeusi
Saa Nane Usiku, shukrani kwa somo. Lakini ile krispi inatisha kwa sababu tunajua kuna kamera, tunajua mpelelezi L anaangalia, tunajua Light akikamatwa ni kitanzi. Nani aliyetujulisha? Mwandishi. Mwoneshe mtu episodi hiyo peke yake, ataona mwanafunzi ana njaa.

#8 Mla Bando
Nimenyanyuka kwenye kigoda. Hakuna aliyegusa bando.

Mimi naangalia kwenye simu yenye ufa katikati, na siku nyingi ni 240p kwa sababu GB moja nataka inivushe wiki. Ile episodi ya 19 anayoisifu Kijana wa Kisumu, kwangu maji yale yalikuwa ukungu wa bluu, na moto ukungu mwekundu. Berserk ya 1997 nimeiona kwa simu hiihii. Nusu yake ni michoro iliyosimama, mistari minene, vivuli vizito, na haikupoteza kitu. Guts akinyanyua upanga unaona uzito wake hata kwenye skrini ya kiganja.

Nadhani wengi wetu huku tunasema "stori kwanza" kwa sababu stori ndiyo iliyotufikia nzima. Picha ilifika imechakaa njiani. Wale wa vibanda umiza wa zamani mnajua: kanda imenakiliwa mara tano, mistari inapita katikati ya uso wa Goku wa Dragon Ball, na bado tulikuwa tunatoka mle ndani tunarushiana mikono.

#9 Fundi Rangi
Niseme kama mtu anayekula kwa brashi. Nachora mabango ya saluni, ubavu wa daladala, majina kwenye pikipiki. Mteja uso ukikosewa kidogo anavumilia, anasema "huyo ni mrembo tu". Vidole vikikosewa anarudisha bango. Kwa hiyo mimi anime yoyote naanza na mikono. Studio ikibanwa na muda, mikono inaingia mifukoni, au inakatwa na ukingo wa picha, au mtu anaongea akiwa nyuma ya meza episodi nzima. Mkishaanza kuiona hiyo hamtaacha kuiona.

Lakini niwatetee wachoraji. Naruto Shippuden episodi ya 167, Pain na Naruto. Ilipotoka 2010 watu walisimamisha picha, wakakata vipande, wakasambaza: angalia uso wa Pain umevutika kama mpira, hii ni aibu. Wakuu, haikuchorwa ili isimamishwe! Iache iende. Mwili unanyumbuka kwa sababu nguvu inapita ndani yake, unasikia kila pigo. Aliyeiongoza ni Atsushi Wakabayashi, na ndiye huyohuyo wa episodi ya 133 ya Naruto ya mwanzo, Naruto na Sasuke bondeni, ambayo watu walewale wanaisifu mpaka leo.

Mimi niliirudia 167 mara tatu usiku mmoja. Asubuhi nilikuwa na kazi ya kuchora simba kwenye basi, nikamvuta mguu wa mbele kuliko kawaida. Mwenye basi akasema huyu simba anaondoka kweli.

#10 Jicho la Tatu
Fundi, weka picha ya huyo simba.

#11 Fundi Rangi
Basi limepakwa rangi upya mwaka uliofuata. Simba hayupo tena.

#12 Jicho la Tatu
Pole sana mkuu.

Masahihisho mawili. Kwanza, Kijana wa Kisumu: "neno kwa neno" si kweli. Ile episodi ya 19 wimbo wake umetungwa kwa ajili ya anime, na wameyapanga matukio ili yote yapande kufikia dakika ile. Hayo ni maamuzi ya kusimulia, si rangi tu. Pili, Kalamu Nyeusi: unasema walioichinja stori ni studio. Jina la mwandishi wa manga, Kaiu Shirai, lilikuwemo kwenye upangaji wa stori ya msimu wa pili. Tusiwabebeshe CloverWorks mzigo wote.

Kisha niongeze mfano ambao nashangaa haujatajwa: ONE mwenyewe, baba wa One Punch Man. Alianza kuiweka mtandaoni 2009, na michoro yake wakuu, mtoto wa darasa la nne angeweza kumcheka. Vichwa kama mayai. Watu wakaifuata hivyohivyo. Yusuke Murata, mchoraji aliyekwisha kuwa na jina, aliipenda mpaka akaomba aichore upya, ikaanza kutoka 2012. Bila ile michoro mibovu yenye stori, Madhouse ya 2015 isingekuwepo.

#13 Kalamu Nyeusi
Asante! Hiyo ndiyo hoja yangu. Stori ilikwenda ikawatafuta wachoraji.

#14 Kijana wa Kisumu
Au isome hivi: dunia nzima ilisubiri mpaka Murata na Madhouse walipofika. Wewe uliisoma ile ya vichwa vya mayai? Useme ukweli.

#15 Kalamu Nyeusi
Sikuisoma. Nilianza na ya 2015.

#16 Ngalawa Kuu
Assalaam alaykum. Mie ni wa Unguja, nimekulia Maskati. Huku Captain Tsubasa twaijua kwa jina la Captain Majid, imetiwa Kiarabu, na miaka ya tisini ikianza jioni barabarani hakubaki mtoto.

Ile ya 1983 michoro yake ukiitazama leo wacheka. Uwanja ni mrefu hata goli halionekani, limezama nyuma ya upeo kama meli. Mtu apiga mpira, mpira unageuka yai, tukingoja kesho kujua kama umeingia. Mbio zilezile wamezirudia mara mia. Na sisi tulikuwa tukishuka ufukweni tukipiga mashuti yale mpaka vidole vya miguu vinachubuka.

Sasa mwanangu ana miaka kumi na mbili, yeye na Blue Lock. Msimu wa pili, 2024, mechi ya Japani U-20, wachezaji wengi wameganda, picha inasogezwa tu pembeni kama mtu avuta zulia. Akanambia, "Baba, hawa hawachezi." Nikamwambia na wangu hawakuwa wakicheza. Akanijibu, "Wako walikuwa hawana uwezo. Hawa wanao, msimu wa kwanza tuliona."

Nimelifikiri neno lake muda mrefu. Huenda kipimo si ubora, ni ahadi. Ukishamwonesha mtu kwamba waweza, ukipunguza ahisi umemdharau. Ndiyo maana Captain Majid nilimsamehe bila hata kujua nasamehe.

#17 Mla Bando
Ngalawa Kuu umeeleza kitu hapo. One Punch Man msimu wa pili ungekuwa ndio wa kwanza, huenda tusingelalamika kiasi kile.

#18 Mtoto wa Bukavu
Jambo ndugu zangu. Huku kwetu tuliangalia nyingi kwa Kifaransa, na tulipokuwa wadogo hicho Kifaransa tulikuwa tunakamata nusu tu. Nusu ingine kaka mkubwa alikuwa anatufasiria, na alikuwa anaongeza yake. Nilikuja kuona Dragon Ball ukubwani nikakuta maneno mengi niliyoyapenda hayamo. Yalikuwa ya kaka. Kwa hiyo mimi stori niliyoipenda iliandikwa na nani?

Lakini nilitaka niwape Neon Genesis Evangelion, episodi ya 24, 1996. Shinji ndani ya Eva, lile jitu la vita analoliendesha, amemshika Kaworu kwenye kiganja. Anapaswa kumuua. Kisha picha inasimama. Haisogei hata unywele. Simfoni ya Tisa ya Beethoven inaimba, na ule mchoro mmoja unakaa pale karibu dakika nzima. Mchoro mmoja! Watu wanasema pesa na muda viliwaishia, na episodi mbili za mwisho kweli zilifika mpaka kuonesha michoro isiyomaliziwa. Ila mimi nikiangalia dakika ile mikono inanitoka jasho.

#19 Kijana wa Kisumu
Dakika nzima bila kitu kusogea, halafu tunaita kazi bora? Studio nyingine ikifanya hivyo leo mnaitukana.

#20 Saa Nane Usiku
Blue Lock ilifanya, ikatukanwa. Tofauti ni kwamba kusimama kwa Kaworu ni tukio lenyewe: mtu hawezi kukaza mkono wake. Mchezaji mpira akisimama hakuna anachoamua, ni mchoro tu haupo.

Na kabla hatujaendelea kutukana studio, tukumbuke wanaochora. Kazi ya kujaza michoro ya katikati, ile inayofanya mkono usafiri kutoka pozi moja hadi jingine, wengi wanalipwa kwa mchoro, na imeripotiwa mara nyingi kwamba ni kama yeni 200 kwa mchoro mmoja. Anayeanza anakaa usiku kucha na kodi ya chumba haitimii. Kyoto Animation walijulikana kwa kuajiri watu wao kwa mshahara na kuwafundisha wenyewe, na unaiona kwenye mikono ya Violet Evergarden, Fundi Rangi atanielewa. Julai 2019 studio yao ilichomwa moto, watu 36 wakafa. Kila mmoja wao alikuwa na namna yake ya kuvuta mstari.

#21 Fundi Rangi
Nimekuelewa kabisa. Violet ana mikono ya chuma, na wamechora kila kiungo cha kidole kikikunjwa kwenye taipureta. Msichana anajifunza maana ya neno "nakupenda" kwa kuandikia watu barua, na mikono yake ndiyo inayoandika. Hapo ukitoa michoro umetoa na stori.

Hayo malipo ya kwa mchoro nayajua. Mwenye saluni mmoja aliwahi kutaka kunilipa kwa idadi ya vichwa kwenye bango. Nilichora vichwa vitano vya haraka, kila nikipita pale nageuza uso upande wa pili.

#22 Jicho la Tatu
Kuna dada mmoja kazini aliniomba anime ya kuanzia, hajawahi kuona hata moja, ana saa moja tu jioni watoto wakilala. Nimpe ipi? Nimewaza Frieren.

#23 Mla Bando
Frieren, episodi ya kwanza tu. Miaka 50 inapita katikati ya mazungumzo mawili na hakuna anayepiga kelele. Ikimshika, basi. Usimpe Ping Pong kwanza, ataona michoro imepinda atakurudishia flashi.

#24 Fundi Rangi
Mpe Ping Pong! Episodi 11 tu, na ule mstari uliopinda ni wa makusudi, Masaaki Yuasa hakuunyoosha kwa sababu jasho halinyooki.

#25 Jicho la Tatu
Nitambebea zote mbili, achague.

#26 BintiTanga
Nimerudi. Jana usiku niliitafuta hiyo episodi ya 24 ya Mtoto wa Bukavu, nikaipeleka mwisho moja kwa moja, nikaziba maandishi ya chini kwa kipande cha boksi. Nilitaka nimjaribu bibi.

Bibi akakataa kuja kukaa. Alikuwa juu ya mbuzi amegeukia mlangoni, runinga iko mgongoni kwake, nazi za futari hazijaisha. Nikaiacha ichezwe hivyohivyo. Kwaya inaimba, picha imesimama, yeye anakuna, khra, khra, khra. Dakika nzima. Kisha kwaya ikakatika ghafla, kikasikika kitu kimedondoka majini. Mkono wa bibi ukasimama juu ya mbuzi.

Akauliza bila kugeuka, "Amemuua mwenzake?"

Hakuona fremu hata moja. Na neno hakuelewa hata moja.

#27 Kijana wa Kisumu
Basi ni sauti!

#28 Kalamu Nyeusi
Kijana usikimbilie, sauti nayo iliongozwa na mtu aliyejua stori inafika wapi.

BintiTanga, msomee mdogo wangu hii. Kweli nasema, nimemwita sasa hivi, amekaa hapa kitandani kwangu, tunaitafuta hiyo episodi. Anasema tuifunge skrini kwa shuka kwanza tuisikilize, halafu tuifunue. Mimi nataka tuanze na episodi ya 1, vinginevyo hatutajua Kaworu ni nani kwa Shinji. Bando limebaki MB 600.

#29 Mla Bando
Weka 240p. Zitatosha mpaka ya tano.